Mwano Niliopiga Mchana

Majani makavu ya ngitili yana harufu yake, na mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo. Ni harufu ya vumbi yenye utamu kidogo, kama pumba za mtama zilizoanikwa juani. Kiangazi kilipokaza, malisho mengine yote ya kijiji yakabaki udongo mtupu, upepo ulituletea harufu hiyo mpaka uani, tukajua ng'ombe wetu watakula. Kwa asiyejua, ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa tangu masika. Mnyama haingizwi humo, majani yanaachwa yasimame kuwa akiba ya wakati wa ukame. Baba alikuja na desturi hiyo kutoka upande wa Maganzo, alipochoka kuchimba almasi asizoziona, akaweka mji wake, yaani boma la nyumbani, katika kijiji chetu, mwendo wa baiskeli kutoka Katoro. Alizungushia ngitili yake uzio wa minyaa, na minyaa ilipokuwa imeshika vizuri, yeye na mama wakafariki katika mwaka mmoja.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa darasa la sita, na nikaacha shule bila kuambiwa na mtu, maana aliyebaki wa kukoka moto nyumbani nilikuwa mimi. Baada ya matanga baba mdogo alitoa shauri lake: Masanja, anayenifuata, aende kwake Maganzo, mdogo wangu wa kike Limi akalee watoto wa watu mjini Kalangalala, mdogo wa mwisho achukuliwe na shangazi. Nilimjibu kwa heshima kwamba tutakaa pamoja maadamu ng'ombe wana maziwa. Akacheka, akasema siku maziwa yakikatika nimpelekee salamu, atakuja kuwachukua. Yatima hadeki. Nilijifunza kukamua kabla jua halijatoka, nikajifunza kulima kwa zamu na majirani, na Jumapili niliwapeleka wadogo zangu kanisani wamepakwa mafuta mpaka magotini, ili mtu asiseme wanatangatanga.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, Masanja alirudi machungani mbio. Alikuta mtu mgeni ndani ya ngitili anapigilia vigingi, na nje ya uzio limesimama lori lenye vyuma vya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mgeni alimwambia eneo amepewa na kijiji. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimkuta kivulini kwake, redio ikiimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkubwa wenu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akatabasamu. Alinieleza bila ukali kwamba mwenye ngitili hayupo tena, sisi watoto tutachukuliwa na ndugu, na kijiji hakiwezi kulea nyasi wakati kuna watu wanatafuta riziki. Nikamwambia hakuna aliyetuchukua. Akasema mambo ya ardhi huzungumzwa kwenye mkutano mkuu, na kwenye mkutano mkuu mtu wa umri wangu hana sauti. Nikamuuliza mkutano ni lini. "Utatangazwa," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Mkutano ulikuwa haujaitwa tangu mama akiwa hai. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema wazee. Lakini mimi nilikuwepo, mkutano ndio haukuwepo. Jioni ile nilihesabu yaliyo mbele yetu: karasha ikisimikwa, ngitili imekwisha; ngitili ikiisha, maziwa yanakatika; maziwa yakikatika, baba mdogo anakuja. Ndipo nilipokumbuka kwamba katika kijiji chetu kuna jambo moja ambalo halina umri. Mwano, yaani yowe la hatari, hupigwa na yeyote, hata mtoto, na kila anayelisikia lazima aache alichoshika akimbie lilikotoka. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, walimtoza faini asiyekuja, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa ametangaza kuwa kiongozi naye hana msamaha. Lakini anayepiga mwano wa uongo naye hutozwa, na faini yake ni ng'ombe.

"Dada, watamla huyu mwenye maziwa," Masanja aliniambia asubuhi.

"Wakimla leo au akifa njaa mwezi ujao, ni ng'ombe yuleyule," nikamjibu. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima.

Nikasimama katikati ya vigingi, jua likiwa juu ya kichwa, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga. Sauti ikapokewa kwenye mji wa kwanza, ikapokewa kwenye wa pili, halafu nikaanza kuona vumbi kila upande. Wanaume walikuja na fimbo na pinde, wanawake na majembe. Jirani yetu Mama Nkwimba alikuja na unga mikononi. Wa mwisho kabisa alikuwa mwenyekiti, jasho likimtiririka, kiatu kimoja mkononi.

"Nani kapiga mwano?" akauliza Mzee Luhende, kamanda wa sungusungu.

"Mimi, babu."

"Mwizi yuko wapi?"

"Hilo ndilo nililowaitia. Ngitili yetu imechukuliwa, na sijui aliyeitoa."

Wakaguna. Kijana mmoja akapiga kelele, "Nimeacha ugali unaungua kwa ajili ya nyasi! Atozwe!" Mama Nkwimba akamgeukia: "Ugali wenyewe kapika mkeo, wewe umeacha kuula tu." Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kupumua. Mzee Luhende hakucheka. Alimtazama mwenyekiti.

"Halmashauri ya kijiji ilikaa," mwenyekiti akasema.

"Mimi ni mjumbe wa halmashauri. Nilikaa wapi, mwenyekiti? Juu ya mti?"

"Ilikuwa... kwa dharura."

"Na mkutano mkuu uliipitisha lini? Sisi wote hapa ndio mkutano mkuu. Aliyepitisha anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Hata mgeni mwenye vigingi aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alivaa kiatu chake taratibu, akasema mkutano utaitishwa kabla ya wiki kuisha, na vigingi ving'olewe mpaka hapo. Uliitishwa kweli. Mama Nkwimba alisema kwa niaba yangu, mkutano ukakataa kuitoa ngitili, na karasha ikapelekwa kule mialoni, dhahabu inakooshwa. Ng'ombe wetu hakuliwa na mtu. Baba mdogo hakupata salamu.

Wadogo zangu wote watatu walikulia katika mji mmoja. Masanja ana bodaboda zake Katoro, Limi ni muuguzi, na wa mwisho amesoma mpaka nilikochoka kumfuata. Siku hizi mambo mengi ni bora: ngitili ina hati ya kimila yenye majina yetu, na mikutano inatangazwa kwa ujumbe wa simu. Ila naona watu wengi wanasoma ujumbe, wanajibu kwa kidole gumba, wanabaki nyumbani. Zamani hatukuwa na simu, lakini kiongozi alijua anaweza kuitwa akimbie.

Mimi sasa ni mwenyekiti wa kitongoji. Mwaka jana niliwaruhusu wafyatua matofali wachote maji kwenye kisima chetu; niliona ni jambo dogo, sikumuuliza mtu. Siku ya pili mwano ukapigwa kisimani. Nikatupa jembe nikakimbia na miaka yangu hii, na nilipofika nikakuta wanawake wamezunguka kisima wakiningoja mimi. "Karibu, mwenyekiti," akasema mmoja, mikono kiunoni. "Tueleze, ulikaa na nani?" Nilijieleza nikiwa nimesimama kwenye tope. Hawakukubali, na ruhusa nikaifuta palepale. Nilirudi nyumbani nimeshindwa mbele ya kitongoji kizima, na njia nzima nilitembea kifua mbele.