Buluu za Dada Mkubwa

Kazini walimbatiza jina la Kiguu na Njia, na hakuna aliyemwonea. Ni mpokezi wa zahanati, kazi ya kukaa kitako, lakini kiti chake kilikuwa kinapoa kutwa. Kitu kimoja tu kiliweza kumtuliza: kushona mablanketi ya viraka nyumbani, kwa kujifurahisha.

Mwaka huu hata hilo lilimshinda. Dada yake mkubwa macho yalikuwa yanamzimikia, na daktari alishasema hayatarudi. "Nishonee moja, mdogo wangu," dada alimwambia. "Nilione nikiwa bado naona."

Basi akili haikukaa tena. Dada anapenda buluu, kwa hiyo kila mapumziko ya mchana alikuwa mguu mosi mguu pili hadi kwa muuza vitambaa. Huchomoa uzi mmoja pembeni ya jora na kuuwasha kwa kiberiti. Ukiacha jivu laini, hiyo ni pamba. Ukijikunja kidonge kigumu, mna nailoni, hataki.

"Mama, ipo siku utaniunguzia duka," muuza vitambaa alimwambia.

"Acha kuniuzia plastiki."

Akinunua buluu moja, ikifika nyumbani haimkai moyoni. Anafumua, anarudi dukani kutafuta iliyokoza kidogo, au iliyopauka kidogo. Mumewe, fundi redio, alimwambia buluu ni buluu tu.

"Wewe hata soksi zako hazifanani," akamjibu, na mzee wa watu akarudi kwenye redio zake.

Dada alikuwa akipiga simu. "Vipi, bado?" Bado kidogo. Siku moja alipomtembelea dada, alimkuta anamimina chai huku kidole kimechovya kikombeni, apate kujua imejaa. Alirudi nyumbani roho juu, akashona kama anayefukuzwa.

Hatimaye akalipeleka. Buluu tupu, kila kiraka kimeungana na jirani yake taratibu, kazi ya kujivunia. Akalitandaza mapajani mwa dada.

"Shuka zuri," dada alisema. "Na lile la viraka liko wapi?"

Alidhani ni utani, maana dada hajambo kwa utani. Kisha akaona kiganja kinavyopapasa kitambaa, kinatafuta.

Kila mshona viraka anajua: kabla ya kuunga, tandaza vipande, rudi nyuma, fumba macho nusu. Kinachopotea hapo kitapotea na blanketini. Yeye kwa kulewa buluu alikuwa ameruka hatua hiyo. Akarudi nyuma sasa, akafumba macho nusu, na viraka vyote vikawa kitu kimoja. Hivyo ndivyo dada anavyoona kila siku. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umekasirika?" dada aliuliza.

"Sijakasirika. Nipe mkasi, nilifumue."

Kesho yake alimkuta muuza vitambaa hata hajafungua vizuri. "Sitaki buluu. Nipe nyeusi, nipe nyeupe, na ile njano iliyododa dirishani."

"Ile uliyosema inaumiza macho?"

"Hiyohiyo."

Na kwa mara ya kwanza hakuwasha kiberiti. Zahanati aliomba ruhusa, mume akajipikia, cherehani ikalia hadi majirani wakauliza kuna harusi ya nani. Muda wote alijiuliza: je, macho yatamsubiri?

Alipolitandaza tena, dada aliinama kidogo. Aligeuza kichwa upande, maana siku hizi huona kwa pembe ya jicho, akatazama kwa muda mrefu. Kiguu na Njia alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha kidole cha dada kikashuka, moja kwa moja, bila kupapasa, juu ya kiraka kimoja cha njano.

"Hapa umepinda."

Kweli, palikuwa pamepinda, kazi ya haraka. Tangu azaliwe hajawahi kufurahi kukosolewa namna ile. Machozi yakamtoka, akaketi sakafuni miguuni pa dada yake.

"Tafuta kosa jingine, dada," alisema.