Butoyi Bila Bukuru

Harufu ya ndagala, dagaa waliokaushwa, hunipitia puani hata leo. Hapohapo naiona stoo ya Mama Furaha pale Magarama, mjini Gitega, na baba ameketi juu ya gunia, anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena. Mama Furaha, Mkongo wa Uvira aliyeuza ndagala na mawese, alitupa hifadhi kiangazi kile tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Mama na wadogo zangu tulikuwa tumewaacha Muyinga kwa mama mkubwa, aliyetupokea kwa moyo safi ila akasema mapema kwamba mvua ikianza, chumba kile ataweka maharagwe yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tulikuwa nalo. Tulichokosa ni shamba. Na shamba lilikuwa Bugendana, kwenye vilima alikozaliwa babu, ikiwa tu mtu angekubali kwamba sisi ni wa pale. Wingu dogo likijitokeza, baba alitoka nje kulitazama kama mtu anayetazama askari.

Ushahidi wetu wote ulikuwa jina. Kule Tanzania watu hutumia jina la ukoo, basi babu Butoyi alipoandikishwa, jina lake likatumwagikia sote: baba akawa Elia Butoyi, mimi Neema Butoyi, hata mdogo wangu wa kunyonya akawa Butoyi. Nililipenda mno. Nilidhani tukilitamka tu kilimani, watu wataacha majembe waje kutulaki. Kumbe Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja wasilingane jina, na Butoyi huitwa pacha yeyote aliyezaliwa wa pili, nyuma ya Bukuru, yaani pacha wa kwanza. Baba alilijua hilo, lakini babu hakumtaja pacha wake hata siku moja, nasi tukaamini alikufa mchanga. Wazee wa kilima walitusikiliza kwa adabu, kisha mmoja akacheka. "Butoyi iko mingi hapa, ndugu yangu. Lakini ukoo ya Butoyi haiko." Tulirudi Magarama na vumbi hadi magotini, na baba hakugusa chakula.

Mama Furaha ndiye aliyemtikisa. "Baba Neema, mi nashangaa. We unatafuta pacha kwa jina moja? Uliza Bukuru mwenye kukosa Butoyi wake!" Baba akasema huenda alishakufa. "Basi utauliza kaburi. Lakini uliza."

Tukauliza, kilima hadi kilima. Baba alinichukua kila safari kwa sababu, alisema, mwenye mtoto mkononi hafukuzwi upesi. Hakusema kweli kabisa: nyumba moja tulikuta Bukuru na Butoyi wake wameketi pamoja wakinywa pombe ya ndizi, wakatukaribisha, lakini nyumba nyingine mwanamke aliinua ufagio kabla hatujamaliza salamu, akidhani tumekuja kumnyang'anya ardhi. Usiku wa mawazo ulinianza hapo. Niliogopa tusimpate Bukuru wetu, na niliogopa zaidi tumpate. Mtu aliyelima peke yake miaka yote hiyo, atafurahi vipi kuona jembe la pili?

Siku ya siku, mama mmoja aliyekuwa akichimba mihogo alituonyesha boma lililo ng'ambo ya kijito. Tulipobisha hodi, mzee alitoka kwenye migomba na mundu mkononi. Nikapiga yowe. Alikuwa babu. Babu yangu tuliyemzika kambini, niliyemtupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe, sasa anakuja kwetu na masikio yale yale yaliyochomoza, na kichwa kimeinama upande ule ule. Nilijificha nyuma ya baba. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Muyinga, ya mipaka na mashahidi, yote yalimkauka. Mzee alimtazama baba, akanitazama mimi, kisha akatazama njia nyuma yetu, kana kwamba kuna mwenzetu anayetembea polepole.

"Butoyi ari hehe?" akauliza kwa Kirundi. Butoyi yuko wapi?

Baba alivua kofia. "Butoyi ni sisi," alisema. "Ni sisi sote."

Mzee alielewa. Akaketi chini palepale alipokuwa, mundu mapajani, akalia bila kujificha.

Shamba tulipewa nusu, kwa kuwa pacha hugawiwa sawa. Wanawe walinung'unika, ila hakuna aliyethubutu kumpinga baba yake. Mvua ilitukuta tunapanda. Leo ninaishi Gitega, na wanangu wana majina yao, kila mmoja lake, kama ilivyo desturi ya nchi. Hakuna anayewauliza wao ni wa nani, nao hushangaa nikiwasimulia kwamba jina liliwahi kutunyima usingizi. Ningependa kusema hofu ile iliisha. Lakini sokoni mtu akiita "Bukuru!", wenye jina lao hawageuki upesi kama ninavyogeuka mimi.