Kioo Kisichofutwa

Shangazi yangu amesugua lenzi za miwani tangu sijazaliwa. Tuko karakana moja: yeye anasugua, mimi nafungasha. Ana ulimi mkali, na vidole vyake hugundua mkwaruzo kabla ya macho. Kila kioo akishikacho hukipulizia pumzi ya moto, "haaa", akakifuta kwa pindo la gauni. Mazoea yana taabu.

Basi kikaja kioo kipya. Bapa, chembamba, ungedhani kimekatwa dirishani. Mhandisi, binti mwenye subira, akatueleza: juu yake zimesimama nguzo chungu nzima, ndogo kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Wimbi la mwanga likipita kwenye nguzo nene huchelewa kidogo, kwenye nyembamba huwahi. Hivyo mwanga wote hupinda na kukutana mahali pamoja, sawa na kwenye lenzi ya kusuguliwa.

"Kwa hiyo kusugua basi," bosi akasema, akimtazama shangazi. "Mama, ukiweza kuvifunga hivi kwenye fremu, utabaki. Usipoweza, tutaagana."

Huyu mama bila kazi si ataugua?

Shangazi akakishika kioo kwa kibanio, akakiinua usawa wa macho. Halafu, yarabi! "Haaa", na pindo la gauni juu yake.

"Mama, usi..." mhandisi akapiga kelele. Wapi! Unyevu ulishazigandamanisha nguzo, na kitambaa kikazivunja. Tulipokiwashia taa, ukutani palipotakiwa nukta moja ya mwanga pakatokea ukungu.

"Mama kakiosha uso mpaka kimepofuka!" akacheka fundi wa meza ya pili. Nilitamani kumrushia boksi.

"Nipeni kingine," shangazi akasema.

Safari hii alivaa glavu, akafumba mdomo, pindo akalibana katikati ya magoti. Akakifunga kwenye fremu polepole, mishipa ya shingo imemsimama. Taa ikawashwa. Nukta ikatua ukutani, ndogo, kali kama ncha ya sindano. Tulipiga makofi. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

"Umebaki, mama," bosi akampa mkono.

Shangazi akavua glavu. "Ahsante. Naomba kuaga."

Hasira zikanipanda. Nikamkimbilia mlangoni. "Shangazi, ndiyo nini hii? Si umeweza!"

"Nimeweza, mwanangu. Kwa kubana pumzi." Akanitazama, hana hata ukali. "Sasa nitaibana mpaka lini?"