Jirani wa Kwenye Waya

Mtaa mzima humwita Mama Simu, na wengi hudhani ni kwa sababu ya mdomo wake. Wapi. Jina alilipata ujanani, alipokuwa opereta katika jumba la simu la mji mkuu, uhuru ukiwa bado mchanga na wakubwa wakipiga kelele kwenye simu kana kwamba hawauamini waya. Yeye alivaa hedifoni, akachomeka waya hapa, akachomoa pale.

Simu zote za kaskazini zilipitia kwa opereta wa huko, mwanamume ambaye hakuwahi kumtia machoni. Kutajana majina kazini kulikuwa marufuku, basi akamwita Jirani, ingawa kati yao palikuwa na safari ya siku mbili kwa basi. Laini ikipoa, waliiba maneno. Jirani alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kutania, na kicheko cha chinichini ambacho kilimfuata binti wa watu mpaka nyumbani. Alimpenda, tusizunguke mbuyu. Jirani alipotaka wapelekeane picha, yeye ndiye aliyekataa, akijifanya mgumu. Likizo ikifika utashuka, alimwambia, utasema neno moja tu na nitakujua.

Kabla ya likizo, waziri kipenzi cha watu akapigwa risasi langoni kwake. Alikuwa ameitwa nje kwa simu, na simu hiyo ilitoka kaskazini. Jirani aliomba laini, yeye akaiunganisha, basi. Kesho yake kaskazini ikaitika sauti ngeni. Akauliza Jirani yuko wapi, akajibiwa ataje namba anayoitaka. Na yeye alihojiwa weee, mpaka wakachoka wakamwachia. Aliyepiga simu ile hajajulikana hadi leo.

Maisha hayamngoji mtu. Akaolewa, akazaa, akamzika mume aliyemtunza vizuri. Lakini simu ya nyumbani ilipolia, hakuwahi kutangulia kusema haloo. Aliinua mkono wa simu akasubiri kwanza, na watoto wakamcheka wakidhani ni mazoea ya kazi.

Juzijuzi alikuja mwandishi, mwanamke wa rika la bintiye, anayeandika kitabu kuhusu mauaji yale. Alitaka kujua nani alimpigia waziri. Mama Simu akamwambia hajui, kisha akauliza lake: opereta wa kaskazini alipelekwa wapi?

Mwandishi akainama. Wafanyakazi wa simu wa mji ule walizolewa wote, alisema, na hakuna aliyerudi. Akatoa picha yao kwenye bahasha: wanaume sita wamesimamishwa ukutani, nyuma hakukuandikwa jina hata moja.

"Ni yupi, mama?"

Akaipeleka dirishani. Mmoja mrefu, mmoja amefumba macho, mmoja kama anataka kusema kitu. Akawatazama midomo, mmoja mmoja, akarudia tena. Mtu ambaye angemjua gizani, leo mchana kweupe alimpotea mkononi.

"Sijui, mwanangu. Sikupata kumwona."

Mwandishi akamwomba asihangaike. Huenda siku moja itajulikana ni yupi, alisema, na hapo atamtengenezea picha ya huyo mmoja peke yake, kubwa, ya kutundika. Akanyoosha mkono kuichukua ile.

Mama Simu hakuiachia.

"Usimtoe mtu," alisema. "Niachie wote."