Jagi la Mwisho la Siku

Majani manane ya mnanaa yamelala kwenye kiganja chake cha kushoto. Anayafunika kwa kiganja cha kulia, kisha anayapiga kofi, mara moja tu, kofi la mtu anayeua mbu bila hasira. Harufu inajaa jikoni.

"Usiyaponde," anasema. "Ukiyaponda yanatoa uchungu. Kofi linatosha kuyaamsha."

Ni saa tatu na nusu asubuhi. Juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki kuna tango lililokunwa nusu, ndimu mbili, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, chumvi kidogo kwenye kisosi, na mzani mdogo wa jikoni. Chupa ya maji ya gesi imelala kwenye jokofu tangu jana, pamoja na jagi na glasi zenyewe.

Sukari ipo, lakini imewekwa juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mwanamke huyu wa miaka hamsini na minane hafiki bila kupanda kigoda.

"Nimeiweka huko makusudi," anasema. "Nikiitaka, angalau nifikiri nikiwa njiani."

Mtaani wanamwita Mama Jagi. Jina hilo alilipata kwenye duka la vinywaji lenye dirisha moja, lililotazamana na jengo la ofisi, alikochanganya juisi kwa miaka kumi na tisa. Mchana watu walipanga foleni hadi barabarani. Wengine waliacha duka la jirani lenye viti na feni, wakaja kusimama juani kwa ajili ya mkono wake.

Hakuwa na kipimo. Alikoroga, akachota tone kwa kijiko, akaonja, akaongeza. Mwenye duka alimsifia kwa wageni: "Huyu mama ana mizani kwenye ulimi."

"Na mimi nikaamini," anasema.

Anapanda kigoda, anashuka na kopo la sukari, anapima kijiko kimoja cha chai kwenye mzani na kukimimina ndani ya jagi. Kisha anapanda tena kulirudisha kopo kabla hajafanya jambo lingine lolote. Kijiko hicho kimoja ndicho sukari yote ya jagi la leo, lita mbili kamili.

Zamani jagi kama hili lingekunywa vijiko vikubwa kumi. Na hapo ni kama limechanganywa asubuhi.

Alilolifahamu kuhusu majagi ya jioni alilifahamu kwa kuchelewa, na ndilo limemfanya aandike kila kitu kwenye daftari la miraba linalokaa wazi pembeni mwa meza.

Miezi kumi na minne iliyopita, mumewe, fundi saa ambaye wateja wake wote humwita Fundi tu, alichubuliwa na kiatu. Kidonda kilikataa kupona. Walipofika hospitali waliambiwa mambo mawili kwa mpigo: sukari yake ilikuwa juu kwa muda mrefu bila yeye kujua, na vidole viwili vya mguu wa kulia visingeweza kuokolewa. Macho yalikuwa yameanza kufifia pia. Fundi alikuwa ameona hivyo kazini, akadhani ni taa.

Siku moja kliniki, muuguzi alimuuliza mke wa mgonjwa swali la kawaida: mzee anakunywa nini nyumbani? Akajibu, juisi yangu, glasi tatu kila jioni. Ina sukari kiasi gani? Hakujua.

"Akaniambia kwa upole tu, mama, nenda kapime."

Alinunua mzani. Kwa siku tatu alifanya kazi kama kawaida, akionja na kuongeza, ila kila kilichoingia kwenye jagi alikipima kwanza na kukiandika. Jagi la kwanza asubuhi lilichukua vijiko vikubwa kumi. La saa sita mchana, kumi na vinne. La mwisho, kabla ya kufunga dirisha, kumi na tisa.

Siku ya kwanza alidhani mzani ni mbovu. Siku ya tatu aliketi kwenye kreti la chupa, akaelewa.

"Ulimi unachoka," anaeleza. "Ukionja sukari kutwa, jioni husikii tena. Unaona bado, unaongeza. Unaona bado, unaongeza. Mimi nilikuwa naonja majagi arobaini kwa siku. Jioni nilikuwa kiziwi wa mdomo."

Wateja wa jioni hawakulalamika. Walizoea.

Kinachomkosesha usingizi si wateja. Jagi la mwisho halikuwahi kuisha dirishani. Mwenye duka alimruhusu aondoke na lililobaki, na yeye aliliona kama zawadi ya kazi yake. Alilibeba kila jioni, kwa mikono miwili, dakika ishirini kwa miguu, hadi kwa mumewe.

"Watu baki niliwapa la asubuhi," anasema. "Wangu nikampa la jioni. Kila siku ya Mungu."

Muuguzi amejaribu kumtua mzigo. Amemweleza kwamba ugonjwa huu una sababu nyingi, kwamba baba yake Fundi naye alikuwa nao, na kwamba hakuna anayeweza kusema ni jagi peke yake.

"Najua," Mama Jagi anajibu kila akiambiwa hivyo. "Lakini jagi ndilo lililokuwa mkononi mwangu."

Alijaribu kupunguza sukari pale dukani. Wiki ya pili foleni ilihamia kwenye viti na feni. Mwenye duka alimwita pembeni, akamwambia hana ugomvi naye, ila biashara ni biashara. Mama Jagi akaaga. Leo anachanganyia nyumbani vinywaji vya mikutano na sherehe ndogo, oda mbili au tatu kwa wiki, na kipato chake hakifiki theluthi ya kile cha zamani.

Anakamua ndimu. Anasimamisha mkono kabla ya kufika mwisho. "Usikamue ukafika kwenye nyama nyeupe ya ganda. Pale ndipo penye uchungu." Anachuja maji ya tango, anatia tangawizi iliyosagwa, anatupia chembe za chumvi. "Chumvi kidogo sana. Haisikiki, lakini ndimu inapata heshima."

Hatumii juisi nyingi ya matunda matamu. Muuguzi alimwambia nayo ni sukari, hata kama imetoka mtini, na kwamba hakuna kinywaji kinachotibu. Kupunguza ndiko kunakosaidia. Ndiyo maana amekimbilia tango na ndimu, na gesi.

"Gesi inaukuna ulimi," anasema. "Ulimi ukikunwa unasahau kuuliza sukari iko wapi. Lakini gesi ina madeko. Kila kitu kiwe baridi. Unaimimina pembeni mwa glasi, polepole, mwisho kabisa. Ukikoroga kama uji, umeiua."

Dirisha la jikoni linagongwa. Ni jirani, mshonaji, na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"Mama Jagi, leo tunakunywa au tunanawa mikono?"

"Wewe kunywa, ukinawa shauri yako."

"Ile ya juzi, jamani! Maji yaliyopita karibu na ndimu bila kusalimiana."

"Ndiyo maana haijarudi. Shika glasi, ufunge mdomo."

"Nikifunga mdomo nitanywaje?"

Mshonaji ananywa, anatikisa kichwa upande huu na upande ule, anasema inakaribia. Mama Jagi mwenyewe anasukutua kwa maji ya kawaida, anasubiri kidogo, kisha anaonja kijiko kimoja. Kimoja tu. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea: si zaidi ya jaribio moja kwa siku, asubuhi, kabla ulimi haujaguswa na kitu kingine.

"Kijiko cha pili ni mwongo," anasema. "Nimeshamfahamu."

Leo ni jaribio la sitini na moja. Majaribio yote hayo ni kwa ajili ya mnywaji mmoja, na mnywaji huyo hajawahi kugusa hata moja. Tangu atoke hospitali, Fundi anakunywa maji na chai isiyo na sukari. Akiletewa glasi na mkewe husema asante, huiweka mezani, na hapo ndipo mkewe huikuta baadaye, imejaa vilevile.

Hawajagombana. Hajamlaumu hata kwa neno moja.

"Angenilaumu ningepata pa kushika," anasema Mama Jagi. "Nataka anywe glasi moja kutoka mkononi mwangu. Moja tu. Sina ndoto nyingine kubwa."

Fundi anaketi ukumbini, karibu na dirisha, kwenye meza yake ya kazi. Bisibisi zake nyembamba zimepangwa kwa ukubwa, na kioo chake cha jicho kimewekwa juu ya kitambaa safi. Skrubu za saa za mkononi hazioni tena. Siku hizi anapokea saa za ukutani tu, na hizo anazifungua kwa kupapasa. Ni mtu wa sauti ya chini, husubiri kidogo kabla ya kujibu, kama anayesikiliza kwanza iwapo swali, kama saa, linatembea.

Anaulizwa kuhusu ile juisi ya miaka yote. Anafuta mikono.

"Mimi sikuwa mtu wa sukari," anasema. "Chai yangu tangu ujana ni kijiko kimoja. Lile jagi lilikuwa linanishinda."

Mlangoni, Mama Jagi amesimama na sinia. Juu yake kuna glasi moja, viputo vinapanda kwa kasi, jani la mnanaa linaelea.

"Lilikuwa linakushinda?"

Fundi hageuki. "Lilizidi. Mwanzoni nilidhani ndivyo watu wanavyolipenda."

"Na ukanywa."

"Ulikuwa unatoka mbali nalo, mama watoto. Umelishika kwa mikono miwili. Miguu imevimba kwa kusimama. Hujaketi hata, unaniuliza, vipi? Ningesema nini?"

"Ungesema limezidi."

"Nikasema tamu."

Saa mbili za ukutani zinagonga kwenye meza, kila moja kwa mwendo wake. Sinia halijatikisika.

"Ulimi wangu ulikuwa umekufa, Fundi. Wako ulikuwa mzima. Neno moja tu. Ningepima siku ileile."

"Najua."

"Na mwaka mzima huu unaziacha glasi zangu mezani. Mimi nikasema moyoni, ananilaumu."

"Sikulaumu." Anatafuta maneno kama anavyotafuta skrubu, kwa ncha za vidole, juu ya kitambaa. "Ningekunywa, ungeniuliza vipi. Na mimi ningesema tamu. Ningesema hata kama si kweli, najijua. Nimesema tamu miaka kumi na tisa. Tazama imetufikisha wapi."

Nje, cherehani ya jirani inaanza, inasita, inaanza tena.

Kisha Fundi ananyoosha mkono hewani, kiganja wazi, kuelekea mahali sauti ya mkewe ilipotoka.

"Lete."

Mama Jagi anaisogeza glasi mpaka inagusa vidole vya mumewe. Haulizi vipi. Anarudi nyuma hatua moja, sinia amelikumbatia kifuani. Fundi anakunywa funda, anasubiri, anakunywa jingine. Uso unajikunja.

"Mbaya," anasema.

"Mbaya vipi?"

"Tangawizi imezidi, inachoma koo. Na gesi hamna. Hii imeshakufa."

"Imekufa kwa sababu ulikuwa unahutubia!"

Fundi anacheka kwanza. Mama Jagi anamfuata, kicheko kikubwa cha dirishani, cha foleni ya mchana, halafu katikati ya kicheko anageuka na kujifuta uso kwa aproni, na hageuki tena upesi.

"Chumvi iko sawa," Fundi anaongeza, kama mtu anayetoa chenji. "Andika na hilo."

Mama Jagi anarudi jikoni kuandika. Mwandiko wake ni wa herufi kubwakubwa, kila neno kwenye mraba wake: 61. Mbaya. Tangawizi nusu. Gesi imekufa. Chumvi sawa. Anaitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu. Kwenye kurasa zote zilizotangulia, mahali pa maoni ya Fundi ni patupu.

Ana mpango mmoja mwingine. Kwenye duka lake la zamani sasa kuna binti anayechanganya, na anasikia binti huyo naye anasifiwa kwa ulimi. Anataka kumpelekea mzani. "Simfundishi kazi, anaijua. Nitamwambia tu aonje asubuhi, aandike, na mchana alifuate daftari. Na asibebe la mwisho kupeleka kwao." Hajaenda bado. Mara mbili amefika kwenye kona na kurudi. Anasema anaona aibu, si ya binti, ni ya lile dirisha.

Mshonaji amerudi na glasi tupu. Tango limebaki nusu, ndimu imebaki moja, gesi haijapungua hata nusu chupa.

"Sasa si uchanganye nyingine hapahapa? Mzee yuko tayari, chuma kiko motoni!"

"Sichanganyi. Leo nimeshaonja."

Anakaza kifuniko cha chupa kwa nguvu zake zote. Anafunga tango kwenye karatasi, anakata tangawizi vipande viwili na kuweka kile kidogo mbele. Anaosha glasi ya Fundi, anaikausha, anairudisha kwenye jokofu, ilale huko. Kisha anaandika 62 kwenye ukurasa mpya na kuuacha hivyo.

"Mama watoto," sauti inatoka ukumbini. "Kesho usiniulize vipi."

"Nitakuuliza."

"Basi usinichelewee na hiyo glasi. Mimi nitanyamaza mpaka niimalize, gesi isife, ndipo nikujibu."