Mzinga wa kupimia macho

Saa mbili asubuhi, Felisiani Nsokolo anavuta chachi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kutoka mdomoni mwa mgonjwa. Ni ndefu, imelowa dawa, inatoka polepole juu ya meno kama kamba ya kisimani. Mgonjwa amefumba macho. Daktari msaidizi huyu wa hospitali moja mjini Mpanda anamwomba avumilie kidogo.

Mgonjwa ni Méthode, mrina asali. Mwezi uliopita alianguka mtini katika misitu ya Inyonga, shavu likagonga tawi. Mfupa ulio chini ya jicho, mwembamba kama ganda la yai, ukapasuka na nyama ya jicho ikanasa kwenye ufa. Jicho la kulia likagoma kupanda. Akitazama juu, anaona vitu viwili viwili.

"Nilijaribu kupanda tena, nikashika tawi ambalo halipo," anasema Méthode. "Mizinga iko juu, daktari. Mimi sijui kazi ya chini."

Wenzake kambini walimshauri kama wanavyoshauriana siku zote: apenge kwa nguvu, atoe damu. Kila akipenga, hewa ikapita kwenye ufa na jicho likazidi kuvimba. Felisiani hachoki kuwagombeza warina asali kwa hilo.

"Nyie mkianguka mnapenga. Msipenge, njooni."

Ana miaka hamsini na miwili, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Usevya. Upasuaji huu alifundishwa na daktari mgeni mwaka 1991. Hupasua chini ya kope, akaikomboa nyama iliyonasa. Kisha hupitia mdomoni, akajaza chachi kwenye uwazi wa shavu ili iushikilie mfupa wiki mbili. Vyuma vya kuushikilia hana. Katika miaka sita tangu mwaka huo amewapasua watu kumi na wanne.

Mmoja alipofuka jicho.

"Nilijaza chachi mno," anasema, bila kutafuta kisingizio. "Yule mama namkumbuka mpaka leo." Tangu hapo, akishampasua mtu, huketi kando ya kitanda na tochi, akimuuliza kila saa kama anaona mwanga. Ni madaktari wangapi wangekubali kusema hivyo mbele ya mwandishi?

Sasa anamtoa Méthode nje, hadi kwenye mninga ulio nyuma ya wodi. Juu umening'inia mzinga wa gome, zawadi ya mrina asali aliyepona. Wagonjwa hupenda kudanganya kwa kuinua kichwa, kwa hiyo Felisiani anamshika kidevu.

"Kidevu kitulie. Panda kwa macho tu. Mingapi?"

Méthode anapandisha macho. Mkewe, Médiatrice, ameshika kanga mdomoni.

"Mmoja," anasema Méthode. Anatazama tena. "Na nyuki wameingia."

Felisiani anakiachia kidevu, anageuka upande na kujifuta macho. Msimu wa asali ukifika anataka kuzunguka kambi za Inyonga, awafundishe warina asali wasipenge. Anaogopa hawatamsikiliza mtu wa hospitali.

"Nitakwenda na wewe," Méthode anamwambia, bado anatazama juu. "Waambie wewe. Mimi nitapanda, waone."