Adui Yako ni Nondo

Jamani, Paskazia, Mama Shimba wa Mabatini, alikuwa na shuku! Umpe karanga, atauliza umezitoa wapi, halafu kwa nini umpe yeye. Mtu pekee ambaye chakula chake alikila bila maswali alikuwa Sada, Mama Ally, jirani yake. Walichota maji bomba moja, na msiba wa huyu ulikuwa msiba wa yule.

Basi miaka ile biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye visenti akawa anajenga. Abdillah, mume wa Sada, akaanza kuuza vifaa vya ujenzi. Nondo zake za chuma akaziegemeza uani, upande wa mipera ya Paskazia. Haukupita muda, majani ya mipera yakatobokatoboka, matawi mengine yakabaki vijiti. Viwavi wenye manyoya Paskazia aliwaona, lakini viwavi si huwapo tu? Macho yake yalikuwa kwa Abdillah. Mbona mwembe wao haujaguswa?

Akamwita bwana shamba, Josephat. Huyo naye mtu wa haraka! Aligeuza jani, akatazama vijiyai chini yake.

"Mama, adui yako hapa ni nondo. Ukichelewa kuondoa, miti itakwisha."

Akapanda pikipiki, anawahi Misungwi. Na Paskazia, yule wa kuuliza mpaka chumvi, siku hiyo hakuuliza kitu. Si alijua!

Akasimama uani, mtaa mzima ukisikia. "Mama Ally! Unanichekea, kumbe mumeo ameweka vyuma vyenye dawa vikaushe miti yangu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Mnaniroga!"

Neno hilo Usukumani si la mchezo. Watu wamekatwa mapanga kwa neno hilo. Sada aliingia ndani kumweleza mumewe. Jioni Abdillah akahamisha nondo zote.

Mipera ikazidi kuliwa. Josephat alipopita tena alishangaa. "Mama, si nilikwambia uondoe nondo?"

"Zimeondolewa! Vyuma vyote!"

"Vyuma?" Josephat akatikisa tawi. Akaruka mdudu mnene wa kijivu, yule anayezunguka taa usiku. "Nondo ni huyu, mama. Anataga chini ya jani, mayai yakianguliwa ndio hawa viwavi. Aina hii inapenda mpera, mwembe haiutaki."

"Huyu? Huyu si kipepeo tu!"

Mungu wangu, aibu! Paskazia alikimbia hadi kwa Sada, akapiga magoti mlangoni.

"Mama Ally, nisamehe. Nilikosea neno. Kumbe ni mdudu!"

Sada alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimekusamehe, Mama Shimba. Lakini jana wametupiga mawe, wanasema hapa ni kwa wachawi. Leo tunahamia Kirumba." Akakaza fundo la shuka. "Hao waliokusikia ukisema tunaroga, nenda kawaambie na wao kwamba ni mdudu."